Mgeni akigugo "Pemba", akukute wapi? Mitandao, ramani, mawakala au tovuti yako

Shemeji yangu ana gesti ya vyumba sita Wete, kisiwani Pemba, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku moja alinipigia simu baada ya Isha, kaghadhibika. Mpwa wake aliyeko Muscat alikuwa amemtumia skrinishoti: kijana kaandika "Pemba hotel" kwenye Google, akaletewa mahoteli ya ufukweni, mabwawa ya kuogelea, bei za dola, na namba za simu zinazoanza na +258.

"Hii wapi, shemeji?"

Nikamwambia hiyo Msumbiji. Kule Cabo Delgado kuna mji wa bandari unaoitwa Pemba, ambao enzi za Wareno ukiitwa Porto Amélia. Mtu akiwa Muscat au Milano akaandika "Pemba" tupu, mashine haina njia ya kujua anataka Pemba ya karafuu au ile nyingine. Inabahatisha, na inabahatisha kwa kufuata kile ilichokisoma kwa wingi.

"Basi iambie na sisi tupo."

Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Njia za kuiambia ziko kadhaa, na kila moja ina wauzaji wake wanaokuapia kuwa nyingine hazifai. Mimi si muuzaji. Nimewasaidia tu jamaa na marafiki, Unguja na Pemba: wenye gesti, watembezaji wageni, dada mmoja anayeuza viungo na mafuta ya karafuu. Nitazipambanisha hapa kama ninavyozipambanisha tukikaa barazani, na sitajifanya sina upande.

Kwanza jambo moja la lazima. Injini ya utafutaji haiendi kuzunguka mtandaoni pale mteja anapouliza. Imeshazunguka zamani. Ina roboti, ya Google ikiitwa Googlebot na ya Microsoft Bingbot, ambayo hufuata linki kutoka ukurasa hadi ukurasa, husoma, kisha ukurasa unaofaa huingizwa kwenye faharasa. Ni faharasa kwa maana ile ile ya nyuma ya kitabu: neno, na mahali lilipo. Mteja hujibiwa kutoka humo. Kama hukuingizwa, huko hupo, hata picha zako ziwe nzuri namna gani. Kwa hiyo kila njia naipima kwa maswali mawili: roboti inaweza kuingia ikasoma? Na ufunguo wa mlango anao nani?

WhatsApp, Facebook na Instagram

Wengi wetu tunaanzia hapa na wengi tunaishia hapa. Dada wa viungo ana magrupu matatu ya WhatsApp na kila asubuhi anapandisha bei kwenye status. Biashara inatembea, sisemi haitembei. Lakini kwa Google kazi yote ile ni mnong'ono wa chumbani. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa, hakuna roboti inayousoma, na status inafutika baada ya saa 24. Kilichowahi kuvuja ni mialiko: Februari 2020 iligundulika kuwa linki za kujiunga na magrupu, zile zilizobandikwa hadharani, zilikuwa zimeingia kwenye faharasa ya Google, na mtu yeyote aliyezitafuta akaweza kuingia grupuni. Ukibandika linki ya grupu lako mahali pa wazi, hilo likumbuke.

Facebook ni nusu kwa nusu. Ukurasa wa biashara ulio wazi unaweza kuingia kwenye faharasa, na mtu akiandika jina lako kamili mara nyingi utatokea. Lakini ile posti ya mwaka juzi kuhusu njia ya kwenda msitu wa Ngezi, uliyokesha ukiiandika, usitegemee mgeni ataipata kwa Google. Grupu lililofungwa halisomwi kabisa. Hata kwenye ukurasa wa wazi, asiye na akaunti akishuka kidogo tu anazibiwa na dirisha la kumtaka ajisajili.

Instagram ilikuwa ngumu zaidi mpaka Julai 2025, ilipoanza kuruhusu picha na video za wazi za akaunti za kibiashara zionekane kwenye injini za utafutaji. Hatua nzuri. Ila roboti inataka maneno, na sisi Instagram tunaandika moyo mwekundu na "njoo inbox kwa bei". Andika basi chini ya picha: chumba cha watu wawili, Wete, Pemba, Zanzibar, na umbali kutoka bandarini.

Kuna na maradhi ya bango. Bei, simu, ratiba ya safari, vyote vimechorwa ndani ya picha moja yenye rangi kumi, na nje ya picha hakuna hata neno. Google siku hizi inajitahidi kusoma maandishi yaliyomo pichani, lakini kuitegemea kwa hilo ni sawa na kumpa mgeni ratiba ya boti iliyolowa maji ya chumvi. Ataambulia siku moja moja.

Mitandao iache kwa wanaokujua na wanaowajua wao. Kwa mtu ambaye hajawahi kusikia jina lako, ni njia dhaifu.

Ramani ya Google

Mwenye mlango wa kufungua asubuhi, awe na gesti, mkahawa, kliniki au duka la baiskeli za kukodi, mimi namwanzisha hapa. Ni bure. Jina lake rasmi ni Google Business Profile, yaani wasifu wa biashara, zamani Google My Business, likabadilishwa mwaka 2021. Uzuri wake ni kwamba huna haja ya kusubiri roboti ije ikugundue. Unajiandikisha mwenyewe, na mtu akisimama Chake Chake na simu mkononi akaandika "gesti karibu nami", ramani ndiyo inayojibu mwanzo.

Kazi iko kwenye uthibitisho. Google inataka ijue biashara ipo kweli na wewe ndiye mwenyewe, na siku hizi mara nyingi inadai video isiyokatwa: mtaa ulipo, kibao chenye jina, na jambo ambalo mwenye mali tu ndiye anayeweza kulifanya, kama kufungua mlango wa ofisi. Shemeji alirekodi mara tatu. Ya kwanza alianzia ndani, barabara haikuonekana. Ya pili ilikwenda vizuri mpaka bi mkubwa mmoja akapita na ndoo ya pweza, akamsalimu. Shemeji akaitikia, akaulizwa hali za watoto, naye akauliza za wajukuu, video ikawa ndefu hata mtandao ukashindwa kuibeba. Ya tatu akatoka jua linachomoza, barabara tupu: nguzo ya umeme, kibao, ngazi ya simenti, kisha mkono wake na ufunguo unazunguka kwenye kitasa cha chumba nambari 2. Baada ya siku chache ikakubaliwa.

Kwenye anwani aliandika "karibu na msikiti". Msikiti upi? Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba na njia zina vibao, basi itumie anwani hiyo. Pamoja nayo chukua plus code, ule msimbo mfupi wa herufi na tarakimu ambao Google huutengeneza kutokana na latitudo na longitudo ya mahali. Hauhitaji jina la mtaa, na mgeni anaweza kuuandika kwenye karatasi. Zaidi ya yote, pini iweke mlangoni kwako. Wete ukikosea mita ishirini hakuna neno. Mji Mkongwe mita ishirini ni kichochoro kingine, na mgeni mwenye mabegi mawili atakuwa anagonga mlango wa watu.

Jina nalo liwe lile lile la kwenye kibao. Nimeona watu wanaandika jina la gesti, kisha wanaongeza "vyumba bei nafuu Pemba beach spice tour". Google inakataza hilo, na wasifu unaweza kusimamishwa.

Sasa ubaya wake. Ramani si yako. Mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko, hata kusema umefunga, na usipoingia mara kwa mara utakuta umefungwa kweli. Halafu kumbuka yaliyotokea 2024. Google ilikuwa ikiwapa wenye wasifu kitovuti kidogo cha bure, na wafanyabiashara wadogo wengi dunia nzima wakakitegemea. Machi 2024 ikavizima vyote. Aliyebofya anwani ya zamani alielekezwa kwenye ramani hadi Juni, kisha basi. Rafiki yangu mmoja alikuwa ameshachapisha anwani hiyo kwenye kadi mia tano, na mpaka leo kadi zile anaandikia orodha ya sokoni.

Na si kila mtu anastahili. Masharti yanataka biashara inayokutana na wateja ana kwa ana. Dada wa viungo hana duka, lakini kwa kuwa hapa mjini anapeleka mzigo mwenyewe hadi kwa mteja, alijiandikisha kama mtoa huduma wa eneo na anwani ya nyumbani kwake ikafichwa. Angekuwa anauza mtandaoni tupu, ramani isingemfaa.

Mawakala wa vyumba

Hapa sina mengi. Booking.com, Airbnb na wenzao wana kurasa ambazo roboti hazibanduki kwake, kwa hiyo gesti yako ikiingia huko inaonekana upesi, tena imeshapangwa mahali pake sahihi: Wete, Pemba, Tanzania. Wa Msumbiji na wako hawachanganywi. Bei yake ni kamisheni, ambayo kwa Booking.com mara nyingi huzunguka asilimia 15.

Kinachoudhi ni kingine. Mgeni aliyelala kwako mwaka jana, anakujua kwa jina, akiandika jina hilo kwenye Google anakuta ukurasa wa wakala uko juu ya wako, wakati mwingine ni tangazo la kulipia. Anabofya, na wewe unalipa kamisheni kwa mgeni wako mwenyewe. Sikumwambia shemeji ajitoe. Nilimwambia asiwe huko tu.

Tovuti yako mwenyewe

Hapa ufunguo ni wako. Au hivyo unavyodhani, kwa hiyo tuanze na ufunguo.

Jina la tovuti husajiliwa kwa mtu na hulipiwa kila mwaka. Mafundi wetu wengi, pengine kwa kurahisisha tu, wanalisajili kwa jina lao na barua pepe yao. Fundi akihamia Dubai, au mkikosana kwa sababu ya salio, jina limekwenda naye, na kila kilichokuwa kwenye faharasa chini ya jina lile kimekwenda pia. Mwambie alisajili kwa jina lako mbele ya macho yako, na nywila uandike wewe.

Ama .com au .co.tz, hili swali linapewa uzito kuliko linavyostahili. Google huichukulia .tz kama ishara kuwa tovuti inawalenga watu wa Tanzania, na .com haiipi nchi yoyote. Skuli, kliniki, duka la mabati: .co.tz. Mwenye wageni wa Milano na Warsaw: .com. Ukimudu yote mawili, yalipie, moja lielekee kwa jingine.

Sasa kisa cha tiki. Mtembezaji wageni mmoja wa Jambiani alijengewa tovuti nzuri kweli kweli, ina picha za mwani, za ngalawa, bei zimeandikwa kwa maneno. Miezi mitano, Google haimjui. Tulikutana mkahawani Mkunazini, nikachukua simu yake nikaandika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha jina la tovuti yake bila nafasi. Hiyo inakuonyesha kurasa zako ambazo Google inazo. Ikaleta sifuri. Si kurasa chache. Sifuri. Sifuri kamili kwa tovuti ya miezi mitano karibu kila mara maana yake mlango umefungwa kwa ndani.

Tovuti ilikuwa ya WordPress, programu ya kujengea tovuti. Tukaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kusoma, na kule chini kabisa kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti hii. Kilikuwa na tiki. Fundi hukiweka wakati wa ujenzi ili tovuti nusu nusu isionekane, na huyu alikisahau. Tukaondoa tiki, tukahifadhi. Kahawa ilikuwa bado ya moto. Yule bwana hakusema kitu, aliinuka tu akaenda kusimama mlangoni akiangalia watu wanapita, akarudi, akauliza, "Msimu mzima?" Msimu mzima.

Kuna njia mbili za kuizuia roboti na mafundi huzichanganya. Ya kwanza ni faili la robots.txt, utaratibu wa tangu 1994 uliofanywa kiwango rasmi cha intaneti mwaka 2022. Linasema: usiingie humu. Ya pili ni alama ya noindex ndani ya ukurasa wenyewe. Hiyo inasema: ingia, soma, ila usiniandike kwenye faharasa. Ukiziweka zote mbili zinavunjana. Roboti iliyozuiwa kuingia haiwezi kuiona alama iliyo ndani, na ukurasa ule, ukiwa umetajwa na tovuti nyingine, unaweza kutokea kwenye matokeo ukiwa jina tupu bila maelezo. Kama unataka ukurasa usionekane, uache wazi na uweke noindex. Kama unataka uonekane, hakikisha hakuna hata moja.

Mlango ukishafunguka, ndipo unaalika. Google ina chombo cha bure cha wenye tovuti, Search Console. Humo una njia mbili za kualika, nazo hazilingani. Moja ni kubandika anwani ya ukurasa mmoja na kuomba uingizwe. Kwa gesti yenye kurasa tano, inatosha: dakika kumi na umemaliza. Nyingine ni kupeleka ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako zote, ambalo linaweza kubeba hadi anwani 50,000. Kwa gazeti au duka lenye bidhaa mia tatu, hiyo ndiyo njia. WordPress hulitengeneza faili hili yenyewe tangu 2020, kwa hiyo fundi asikutoze kwa kazi hiyo. Na kama anakuonyesha mafunzo ya zamani ya kuipigia Google hodi kila ukibadilisha ramani ya tovuti, hodi ile Google iliifunga mwaka 2023.

Zote mbili ni maombi tu. Google yenyewe inasema kupitiwa huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa, na kuomba ukurasa ule ule mara kumi hakuongezi kasi. Wala haipokei pesa ili ipite mara nyingi zaidi. Anayekupigia simu akisema kwa malipo fulani atakuingiza Google ndani ya saa 24, muulize anamlipa nani.

Search Console itakupa majibu, na mawili yanawachanganya watu. Likija la kwamba ukurasa umegunduliwa ila haujaingizwa, Google inajua upo na haijaja. Subiri, na tafuta watu wa kukutaja. Likija la kwamba umepitiwa ila haujaingizwa, hilo zito zaidi: ilikuja, ikasoma, ikaona hapana. Mara nyingi kosa ni kunakili. Dada wa viungo alikuwa na ukurasa wa iliki ambao maelezo yake yalitolewa neno kwa neno kwenye tovuti nyingine. Tulipoyafuta, akaandika mwenyewe iliki yake inatoka shamba gani, inavunwa vipi, inakauka siku ngapi, na kwa nini ya kijani ni ghali kuliko iliyopauka. Ukaingia.

Hayo ya kutajwa ni makubwa. Roboti hufuata linki, na tovuti isiyotajwa popote ni nyumba isiyo na njia. Anza na ulivyo navyo: weka anwani ya tovuti kwenye wasifu wa ramani na kwenye Instagram. Kisha waombe wanaokujua: jumuiya ya watembezaji mliyojiunga nayo, kituo cha kupiga mbizi mnachopelekeana wageni, skuli uliyoifadhili madawati. Linki za kununua usiziguse, Google inazihesabu ni udanganyifu.

Mengine ni ya kupita haraka. Google inaisoma tovuti yako kama simu janja inavyoiona, na ilikamilisha mabadiliko hayo mwaka 2023, kwa hiyo kinachoonekana kwenye kompyuta tu na kwenye simu kimefichwa hakihesabiwi. Seva, ile kompyuta inayoihifadhi tovuti, iwe mahali pasipozima. Kuna ofisi moja naijua, seva yao ilikuwa chini ya meza ya karani, na umeme ukikatika hata roboti inakuta kiza. Na Googlebot huja zaidi kutoka Marekani, kwa hiyo kinga ya seva inayowazuia "wageni wa nje" inaweza kuwa inamfukuza yule yule unayemsubiri.

Google au Bing?

Hapa visiwani sijakutana na mtu anayesema "hebu nikabingi". Lakini mteja wako huenda ni Mjerumani anayepanga likizo kwenye kompyuta ya ofisini, na kompyuta ya Windows iliyoachwa kama ilivyotoka dukani hutafuta kwa Bing, injini ya Microsoft. DuckDuckGo, injini nyingine ya utafutaji, nayo huchukua matokeo yake mengi kutoka Bing. Chombo cha Bing cha wenye tovuti kinakubali kunakili kila kitu kutoka Search Console kwa kubofya, kwa hiyo kazi hairudiwi.

Kwenye jambo moja Bing iko mbele. Tangu Oktoba 2021 yeye na Yandex ya Urusi wana utaratibu wa IndexNow, ambao tovuti yako yenyewe inatoa taarifa pale ukurasa unapobadilika, badala ya kungoja kupitiwa. Google haikujiunga. Mwenye bei zinazobadilika kila msimu atafaidika. Kwa shemeji, ambaye bei yake haijabadilika tangu alipopaka rangi, haina maana kubwa.

Kiswahili au Kiingereza, na balaa la jina Mkoani

Hili ndilo watu wa kwetu hawaulizi, na ndilo linalotuumiza kuliko yote.

Boti kutoka Unguja inafunga Mkoani, mji wa bandari wa Pemba. Sasa andika "Mkoani" kwenye Google uone: mkoani Mwanza polisi wafanya hivi, mkoani Kigoma mvua yafanya vile. Kila gazeti la Tanzania linaandika neno hilo kila siku, na roboti haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Mji wetu umezama ndani ya sarufi. Chake ni hivyo hivyo: chakula chake, chumba chake. Pemba tupu, tumeshaona, inakwenda Msumbiji. Na Unguja wageni wengi hawaijui, wao kisiwa hicho wanakiita Zanzibar.

Dawa ni kutoandika jina la mji peke yake kwenye kichwa cha ukurasa. "Mkoani, Pemba, Zanzibar." "Chake Chake, Pemba." Kwa Kiingereza iwe "Pemba Island", maneno mawili, maana hayo mawili ndiyo yanayokutenga na bandari ya Cabo Delgado. Kwetu sisi inasikika kama kumwambia mtu Makka ni ya Saudia, lakini hukiandiki kichwa hicho kwa ajili yetu.

Lugha ipi basi? Tazama anayeuliza. Chumba cha ufukweni kinatafutwa kwa Kiingereza, Kitaliano, Kipolandi. Lakini "bei ya karafuu", "ratiba ya boti Pemba Unguja", "fundi friji Michenzani" huulizwa kwa Kiswahili, na huko kurasa zinazojibu sawasawa bado ni chache. Ukurasa mfupi wa Kiswahili ulioandikwa na mtu anayejua unaweza kukaa juu bila vita, jambo ambalo kwa Kiingereza ungelipigania miaka. Ukitaka lugha mbili, kila lugha iwe na ukurasa wake na anwani yake. Kile kitufe kinachobadilisha maneno juu ya ukurasa ule ule kinaificha lugha ya pili. Na usiitafsirishe tovuti kwa mashine katika lugha kumi ukaiacha hivyo hivyo. Google ina kanuni dhidi ya kurasa za kumwagwa namna hiyo, na Mwitaliano ataona tu.

Nani achague nini

Mwenye mahali pa kufikiwa: ramani leo, mengine baadaye. Anayetafutwa kwa maelezo, kama mtembezaji, mwandishi, mwalimu wa Kiswahili kwa wageni, muuza viungo anayesafirisha: tovuti kwanza, hata ya kurasa nne, maana ramani haina nafasi ya maelezo. Mwenye vyumba abaki na wakala kwa wageni wapya, na awe na tovuti kwa wanaorudi. Asiye na muda kabisa, Facebook ya wazi yenye maneno ya kutosha ni afadhali kuliko magrupu kumi yaliyofungwa, ila ajue anajenga kwenye kiwanja cha kuazima.

Shemeji alichukua ramani, wakala hakumwacha, na mimi nikamjengea kurasa nne. Wiki kadhaa baadaye mpwa wa Muscat akatuma skrinishoti mbili. "Pemba hotel": Msumbiji, kama kawaida. "Guesthouse Wete Pemba Island": ya shemeji ni ya tatu, chini ya kurasa mbili za mawakala, moja ikiwa ni ya gesti yake mwenyewe.

"Na ile Pemba tupu, lini?"

Nikamwambia ile awaachie wa Msumbiji. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama na Bing inataka video, maana kama inataka itabidi atoke mapema zaidi, bi mkubwa wa pweza siku hizi anapita alfajiri. Nikamwambia Bing inakubali kunakili taarifa za ramani kutoka Google. Akasema alhamdulillah, akakata simu.